Tapeti za haidroliki kwenye V8: pima kabla hujafunga manifoldi

Swali limetoka Mbale. Msomaji ana Land Rover 110 anayoiandaa kwa mashindano, na ndani yake anaweka injini ya V8 ya lita 3.9 iliyotoka kwenye Range Rover ya mwaka 1991. Hedi zote mbili zimeskimiwa (zimesagwa uso wa chini) 0.6 mm, viti vya valvu vimekatwa upya, kamshafti (mhimili unaofungua valvu) ni mpya ya mashindano, tapeti ni mpya, na badala ya gasketi za bati alizozikuta amenunua zile nene za kisasa. Anaandika: “Mzee, fundi wa kwanza ananiambia tapeti za haidroliki hazipimwi, zinajirekebisha zenyewe. Wa pili anasema nizungushe pushirodi kwa vidole mpaka ianze kugoma, kisha niongeze nusu raundi. Sasa kwenye injini yangu sioni hata skrubu ya kuongezea hiyo nusu raundi. Nimsikilize nani?”

Kijana wangu, wote wawili wanajua kazi, ila kila mmoja anakueleza injini isiyo yako.

Huyo wa kwanza, ningeweka dau, amekulia kwenye Mitsubishi Lancer Evolution. Injini yake, 4G63, ina virekebishi vya haidroliki, na fundi aliyezoea kufungua hedi zake kati ya rali moja na nyingine hajawahi kuona sababu ya kuvipima. Anaviosha, anavitoa hewa ndani ya dizeli, anavirudisha, basi. Na ana haki. Kwenye 4G63 kamshafti iko juu, ndani ya hedi ileile iliyobeba valvu. Skimu hedi utakavyo, weka gasketi nene au nyembamba, umbali kati ya kamshafti na valvu hausogei, kwa sababu vyote viwili vinashuka au kupanda pamoja.

Yako si hivyo. Kamshafti yako imelala chini kwenye bloku, katikati ya V, na valvu ziko juu kwenye hedi. Kati yao kuna tapeti inayokaa juu ya kamshafti, pushirodi ambayo ni fito inayosukuma, na roka, mkono unaobonyeza valvu. Chochote unachokata au kuongeza kati ya bloku na hedi kinabadilisha urefu wa hiyo njia, lakini pushirodi inabaki na urefu wake uleule wa kiwandani. Tapeti ndiyo inayolipa tofauti. Inalipa kimyakimya mpaka ifike mwisho wa uwezo wake, na ikifika hapo ndipo utaanza kutafuta mchawi.

Huyo wa pili naye ana Chevrolet kichwani. Kwenye V8 za zamani za Chevrolet kila roka ina nati yake juu ya bolti iliyosimama (stadi), unaishusha mpaka nafasi iishe, unaongeza nusu au robo tatu ya raundi. Rover hawana kitu hicho. Injini yenyewe ilizaliwa Marekani, Buick waliiuza kwenye magari yao kuanzia 1961 hadi 1963, bloku na hedi za aluminiamu, na Rover wakanunua haki zake mwaka 1965 baada ya mkurugenzi wao William Martin-Hurst kuiona huko kwenye kiwanda cha injini za boti. Tangu Buick, roka zimepangwa nane nane kwenye shafti moja, shafti imekaa juu ya viti vinne, bolti nne, umemaliza. Hakuna pa kurekebisha. Kiwandani hawakuhitaji skrubu kwa sababu bloku, hedi na pushirodi zote zilitoka mpya kwa vipimo vyake, na tapeti ilimeza tofauti ndogo zilizobaki. Injini yako haina tena vipimo vya kiwanda. (Wanaopenda mashindano hukumbusha kwamba Jack Brabham alichukua ubingwa wa dunia wa Formula One mwaka 1966 kwa injini iliyoanzia kwenye bloku ya Oldsmobile ya ukoo huu huu. Kweli kabisa, ila Repco walioijenga walitupa pushirodi na kupandisha kamshafti juu ya hedi, kwa hiyo shida yako hawakuwa nayo.)

Tuangalie kitu chenyewe. Chukua tapeti moja mpya uishike mkononi. Nje ni kikombe cha chuma. Ndani kuna pistoni ndogo inayopanda na kushuka, chini yake springi laini, na chini kabisa valvu ya kijigololi inayoruhusu oili kuingia lakini haiirudishi. Juu ya pistoni hiyo kuna kiti chenye kishimo, ndipo pushirodi inapokaa, na juu ya kiti kuna sekilipu ya waya inayozuia vyote visiruke nje. Bonyeza kishimo kwa ncha ya pushirodi: kinashuka milimita chache, halafu springi inakirudisha mpaka kigonge sekilipu. Injini ikizunguka, oili inajaa chini ya pistoni, kijigololi kinafunga, na kwa muda ule nundu ya kamshafti inapoinua tapeti, kidude chote kinakuwa kigumu kama chuma kimoja. Nundu ikipita, oili iliyovuja kidogo inajazwa tena.

Mbano wa awali, ambao mafundi wengi wanauita priloodi, ni kiasi ambacho kishimo kimeshuka kutoka kwenye sekilipu wakati valvu imefunga na tapeti iko upande wa mgongo wa nundu, ule usio na mwinuko. Basi. Kwa Rover V8 kipimo kinachokubalika ni kati ya inchi 0.020 na 0.060, yaani 0.5 mm hadi 1.5 mm. Kikiwa chini ya hapo, kishimo kinakaribia kugonga sekilipu, unasikia ti-ti-ti-ti, na siku moja sekilipu inachomoka. Kikizidi sana, pistoni ndogo inafika chini kabisa, na hapo tapeti haina tena cha kumeza: inaanza kuishikilia valvu isifunge.

Hilo la pili lilinipata, na sijalisahau. Ilikuwa gereji moja ya Kampala nilikokuwa nimeajiriwa, Range Rover, hedi zimeskimiwa na mtu mwingine kabla yetu, sisi tukaziskimu tena bila kuuliza, tukafunga gasketi za bati, tukawasha. Asubuhi injini ilikuwa inakohoa kama mgonjwa wa kifua, inapiga chafya kupitia njia ya hewa mpaka kifuniko cha chujio kinaruka. Ikipata moto inatulia, inaenda vizuri, unaweza kumrudishia mwenyewe na akakushukuru. Kesho yake anarudi. Tulibadilisha plagi, nyaya, pampu ya petroli. Tulilaumu petroli yenyewe. Mzee mmoja aliyekuja kununua betri chakavu ndiye aliyetuambia tupime kompresheni ikiwa baridi, tupime tena ikiwa moto. Baridi, silinda tatu hazikuwa na kitu. Moto, zote nane sawa.

Sababu ni aluminiamu. Bloku na hedi zikipata moto zinatanuka karibu mara mbili ya pushirodi ya chuma, kwa hiyo roka inajitenga kidogo na tapeti. Ukipiga hesabu kwa urefu ule, toka kamshafti hadi roka, kwa tofauti ya nyuzi 80 hivi, unapata kama sehemu mbili za kumi za milimita. Kidogo hicho ndicho kilichokuwa kinaziruhusu valvu zetu za kuingiza hewa zikae kwenye viti vyake. Tulipovua manifoldi na kuangalia ndani ya bonde la V, vishimo vya tapeti zile tatu vilikuwa vimezama mpaka chini, havibonyezeki hata chembe. Gari lilikuwa limekwenda na kurudi kwetu mara nne. Kipimo cha nusu saa kingetuokoa.

Na ona upande wa pili wa hesabu hiyohiyo: ukifunga injini ya aluminiamu ikiwa baridi kwa mbano wa 0.2 mm, ikipata moto umebaki na sifuri. Ndiyo maana chini ya nusu milimita sikubali, hata kwa mashindano.

Sasa injini yako. Twende kitu kimoja kimoja, maana hapa ndipo watu wanapojichanganya wapi kunaongeza na wapi kunapunguza. Umeskimu hedi 0.6 mm: hedi imeshuka, shafti ya roka imeshuka nayo, mbano umeongezeka 0.6. Umetoka gasketi ya bati ukaweka ile nene: tofauti yao ikishabanwa ni karibu 0.7 mm, hedi imepanda, mbano umepungua 0.7. Umekata viti vya valvu: valvu imezama kwenye hedi na ncha yake ya juu imepanda. Tuseme imepanda 0.3 mm. Roka za Rover zina uwiano wa 1.6, kwa hiyo upande wa pushirodi unashuka 0.3 gawanya kwa 1.6, kama 0.2, na mbano unaongezeka kiasi hicho. Jumla mpaka hapa ni kuongezeka kwa 0.1 mm. Ungesimama hapo ungesema bahati imekupenda, funga twende.

Lakini bado kamshafti. Kamshafti nyingi za mashindano hazipati urefu wa nundu kwa kuongeza chuma juu, zinaupata kwa kusaga mgongo. Mgongo ukiwa mdogo, tapeti inakaa chini zaidi valvu ikiwa imefunga, na mbano unapungua kwa kiasi kilekile kilichosagwa kwenye nusu kipenyo. Chukua vernia (kipimo cha taya na mkia), ilaze kamshafti ya zamani na mpya mezani, pima mgongo wa nundu moja kwa upana, yaani mahali pasipo na mwinuko, kwenye kila moja. Tofauti ya vipenyo gawanya kwa mbili. Usishangae ukipata nusu milimita au zaidi. Nusu milimita hiyo ndiyo inayokupeleka kutoka kwenye injini tulivu hadi kwenye cherehani.

Hesabu ya karatasi inakuonyesha unaelekea wapi tu. Mashine za kuskimu huku kwetu si zote zinakupa 0.6 uliyoandikiwa kwenye risiti, na viti vya valvu havikatwi sawa vyote kumi na sita. Kwa hiyo tunapima.

Kabla ya yote, usizitumbukize tapeti mpya kwenye oili leo. Najua umeambiwa zilale usiku kucha kwenye bakuli la oili. Hilo litakuja baadaye. Tapeti iliyojaa oili inakudanganya: ukifunga shafti ya roka, badala ya kishimo kushuka, valvu ndiyo inafunguka, na wewe unasoma mbano sifuri wakati si kweli. Inachukua dakika kumi, ishirini, wakati mwingine zaidi, mpaka oili ivuje. Hata mpya kutoka kwenye boksi huwa zina oili nzito ya kuhifadhia. Itoe: ingiza waya mwembamba katikati ya kishimo mpaka uguse kijigololi, kibonyeze, huku ukisukuma pistoni chini. Oili itatoka. Rudia mpaka kishimo kipande na kushuka kwa wepesi ukikibonyeza kwa kidole. Moja ikikwama, ina uchafu, ifungue uioshe, na usichanganye sehemu za ndani za tapeti moja na nyingine, zimesagwa kwa kuelewana.

Sasa kabla hazijaingia kwenye bloku, pima kina cha kishimo cha kila moja kikiwa kimepumzika dhidi ya sekilipu. Tumia mkia wa vernia, kutoka ukingo wa juu wa tapeti hadi ukingo wa kiti. Andika namba. Zitakuwa karibu sawa, lakini “karibu” si sawa, na dakika kumi na tano hizi zitakuepusha na kubishana na nafsi yako kesho.

Funga hedi na gasketi zake utakazozitumia kweli, kwa toki (nguvu ya kukaza) kamili ya kitabu. Nimeona mtu anapima kwa gasketi kuukuu ili asiharibu mpya, halafu anashangaa namba zimehama. Shimu za kurekebishia, yaani vipande vyembamba vya chuma, zinaingia chini ya viti vya shafti ya roka, kwa hiyo huna haja ya kufungua hedi tena baada ya kupima. Ingiza pushirodi, weka shafti za roka. Hapo kuna mtego wa Rover: kila shafti ina mkato kwenye ncha moja, na mkato lazima uangalie juu, upande wa kulia uwe mbele na upande wa kushoto uwe nyuma. Ukikosea, matundu ya oili hayatazamani na roka zitakauka. Kaza bolti kidogo kidogo kwa zamu, usikaze moja mpaka mwisho, maana baadhi ya valvu zitakuwa zinasukumwa wazi na shafti inaweza kupinda. Mwisho 38 Nm.

Manifoldi ya hewa iwe bado mezani. Huo ndio uzuri wa injini hii: bonde likiwa wazi, tapeti zote kumi na sita unaziona kwa macho kwa tochi moja.

Zungusha krenki mpaka silinda namba moja iwe juu kabisa kwenye kompresheni, valvu zake zote mbili zimefunga. Piga alama nne kwenye puli ya krenki kwa kalamu nyeupe, kila robo raundi. Mfuatano wa moto wa Rover ni 1-8-4-3-6-5-7-2, na kila robo raundi unayozungusha, silinda inayofuata kwenye orodha hiyo inafika juu kwenye kompresheni. Raundi mbili za krenki, vituo vinane, tapeti mbili kila kituo. Namba witiri ziko benki ya kushoto ukiwa umekaa kwenye kiti cha dereva, namba shufwa kulia.

Kwenye kila kituo subiri kidogo. Tapeti iliyotoka kwenye nundu sekunde chache zilizopita ilikuwa imebanwa na springi ya valvu mpaka chini, na ile springi laini ya ndani inahitaji muda kukirudisha kishimo kiguse pushirodi. Shika pushirodi, ipandishe na kuishusha kwa vidole. Hutakiwi kusikia nafasi yoyote. Ukisikia inacheza, tapeti imekwama au mbano ni chini ya sifuri. Na hapa nimjibu fundi wako wa pili kuhusu kuzungusha pushirodi: hata kwenye Chevrolet usizungushe, pandisha na kushusha. Springi ya ndani ni laini mno, pushirodi inaendelea kuzunguka vizuri tu wakati kishimo kimeshashuka milimita nzima, hasa vidole vikiwa na oili. Mtu anadhani yuko sifuri kumbe yuko mbali.

Kisha pima kina cha kishimo tena kwa mkia wa vernia, ukiupitisha kando ya pushirodi. Toa namba ya mwanzo. Jibu ndilo mbano wako. Kama mkia wa vernia haupiti, tumia shina la keekee: la 0.5 mm lazima lipite kati ya sekilipu na ukingo wa kiti, la 1.5 mm lisipite. Fila geji iliyokatwa nyembamba nayo inafaa. Mimi nabandika kipande cha karatasi ya gundi kwenye kava ya roka na kuandika namba zote kumi na sita hapo, kushoto na kulia, kama zilivyo kwenye injini. Karatasi ya mfukoni huishia kufungia chapati.

Tuseme benki ya kulia imekupa 1.9, 2.1, 1.8, 2.0, 1.7, 2.2, 1.9 na 2.0. Zote zimezidi. Unataka katikati iwe kama 0.9, kwa hiyo unatakiwa kupunguza kama 1.1 mm. Unatuma mtu soko la vipuri la Kisekka, Kampala, akachongeshe shimu za 1.1 mm? Hapana! Hapa ndipo hata mafundi wazuri wanapoteleza. Shimu inainua shafti, na shafti iko katikati ya roka, si kwenye ncha. Ncha ya upande wa valvu imebaki pale pale, kwa hiyo ncha ya pushirodi inapanda zaidi ya shafti yenyewe: kwa uwiano wa 1.6, kila milimita moja ya shimu inaondoa 1.6 mm na ushei ya mbano. Shimu ya 1.1 ingekuondolea karibu 1.8, na ile tapeti yako ya 1.7 ingekuwa inacheza hewani. Unachohitaji ni shimu ya 0.7 mm. Inaondoa kama 1.14, na namba zako zinakuwa kati ya 0.56 na 1.06. Hapo umefika.

Unene uwe mmoja chini ya viti vyote vinne vya benki hiyo, hata kama tapeti moja ina mbano tofauti. Shafti ni mti mnyoofu, ukiweka 0.7 hapa na 0.9 pale umeipinda. Na tundu la shimu lisizibe njia ya oili inayopanda hadi kwenye shafti. Wachonga bati wa Katwe watakutengenezea shimu safi kabisa, ila wapelekee kiti kimoja kama sampuli badala ya kuwachorea, na sema wazi kwamba unataka chuma, si aluminiamu ya sufuria.

Kama namba za benki moja zimetawanyika, mfano moja 0.4 na nyingine 1.9, shimu haitakusaidia, kwa sababu kila ukiokoa moja unaipoteza nyingine. Hapo rudi kwenye valvu: pima urefu wa ncha zake juu ya hedi kwa kuweka rula nyoofu juu yake. Utakuta moja imesimama kama askari kati ya wenzake waliokaa, kiti chake kimekatwa sana. Ncha inaweza kusagwa kidogo, lakini kidogo kweli, maana ugumu wa chuma uko juu tu kama ganda la yai. Vinginevyo ni kiti kipya.

Na kama mbano ni mdogo, tuseme 0.1 au 0.2 kila mahali (ambako kwa kamshafti yako ndiko ninakoelekea kubashiri), shimu ni dawa ya ugonjwa mwingine. Unahitaji pushirodi ndefu zaidi. Ukizipata zenye urefu uliozidi kidogo, rudisha tofauti kwa shimu. Mchanganyiko huo ni halali kabisa. Pushirodi za kurekebishwa urefu zipo, zina nati yake ya kufungia, na zinarahisisha maisha, ila bei yake ndiyo inayouma. Kama mfuko unaruhusu seti moja tu ya kitu cha kifahari, hela yangu ningeiweka kwenye springi za valvu. Watu wanalaumu tapeti kwamba “zimejaa” juu ya raundi 5,500 na injini ikakata nguvu. Mara nyingi springi imechoka, valvu inaelea, inatokea nafasi, na tapeti kwa utiifu wake inaijaza nafasi ile kwa oili. Sasa valvu haifungi mpaka oili ivuje. Kwa sababu hiyo, kwa gari la mashindano napenda mbano ukae chini chini, 0.5 hadi 0.8, ili tapeti isiwe na nafasi kubwa ya kujaza. Kwa gari la safari ningesema 0.8 hadi 1.2 na ulale usingizi.

Ukishapata namba unazozitaka, toa tapeti moja moja, zilaze kwenye oili, na kila moja irudi kwenye tundu ililopimwa. Paka nundu zote na tako la kila tapeti ile grisi nyeusi ya kamshafti mpya. Pampu ya oili ya injini hizi haivuti ikiwa kavu: jaza gia zake Vaseline kabla ya kufunga kifuniko. Ndiyo, ileile ya dukani. Itayeyuka na kwenda zake. Kama injini yako bado ina distribyuta inayoendesha pampu, unaweza kuizungusha pampu kwa drili kabla ya kuwasha mpaka uone oili inachuruzika kwenye roka. Baadhi ya 3.9 za mwishoni pampu inaendeshwa na krenki yenyewe, na drili haina pa kushika.

Ukiwasha, usiiache ikae sailensa, yaani ikinguruma bila kukanyaga mafuta. Ipandishe moja kwa moja hadi raundi 2,000 au 2,500 na uishikilie hapo dakika ishirini, ukibadilisha kidogo kidogo, ukitumia oili yenye zinki ya kutosha. Nundu na tapeti zinazoeana katika dakika hizo, na tapeti lazima izunguke kwenye tundu lake. Ile isiyozunguka inajichimbia kaburi. Kelele utaisikia mwanzoni, usikimbilie kuzima. Tapeti zilizobaki na hewa zinajaa zenyewe, nyingine mapema, nyingine zinachelewa. Ikipita nusu saa na moja bado inalia, chukua bomba la mpira, weka ncha moja sikioni na nyingine juu ya kava ya roka, tembea nalo silinda hadi silinda. Ukiipata, angalia namba yake kwenye karatasi uliyobandika.

Siku ya pili, ikiwa baridi kabisa alfajiri, pima kompresheni kabla ya kuwasha. Kisha panda nayo Kapchorwa bila haraka, ipate moto wa kweli kwenye ule mlima wa Sipi, shuka, pima tena ingali moto. Namba za baridi zikiwa chini sana kuliko za moto kwenye silinda moja au mbili, usiguse plagi wala petroli. Vua manifoldi.

Na kabla hujaenda popote, niandikie zile namba kumi na sita pamoja na kipenyo cha mgongo wa kamshafti zote mbili. Kwa hizo nitakwambia unene wa shimu au urefu wa pushirodi bila kukisia.